Kinyozi Alikuwa Amelala

Fundi alipokuja kupima fremu ya mlango, Tony alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na ile nyumba mpya, anaota jua. Mama yake, Rael, alikuwa mbele ya jikoni akipepeta njugu. Mikono ilikuwa kwenye ungo lakini masikio yote mawili yalikuwa kwa fundi, maana kulikuwa na jambo kuhusu mlango ule ambalo mama alilijua na mtoto hakulijua, na mdomo wa fundi haukuwa na kitasa.

"Futi tano," fundi akasema, akiachilia utepe ujikunje.

"Tano? Nitakuwa naingia nikiinama kama kuku?"

"Si urefu. Upana."

Tony akageuza shingo. Aliigeuza polepole, kwa mazoea tu, kwa sababu ule uvimbe uliomshika chini ya sikio tangu mwaka jana, ambao kila mtu aliuita jino mpaka daktari alipouita kansa ya tezi, sasa ulikuwa umenywea ukabaki kama punje ya mahindi.

"Chumba kimoja," akasema. "Dirisha moja. Halafu mlango futi tano. Naweka nini humo, trekta?"

"Mimi ni mtu wa kutumwa. Mzee Oguta amesema watu wapite wakiwa pande zote mbili bila kukwaruza ukuta."

"Pande zote mbili za nini?"

Fundi akafungua mdomo, akamwona Rael amesimama na ungo mkononi, akakumbuka kwamba misumari ameiacha kwenye baiskeli. Baiskeli ilikuwa langoni. Akaifuata, na hakurudi upesi.

"Tony, uji unapoa," Rael akasema.

"Mama, pande zote mbili za nini?"

"Nimesema uji unapoa."

Lakini Tony alikuwa mtoto wa boma hilo. Akiwa darasa la saba alisimama na wavulana wenzake wakatazama wazee wanavyohangaika mlangoni na jeneza la babu yake, wakiliinamisha huku, wakiliinamisha kule, mpaka mmoja akatoa shauri lipitishwe dirishani. Habari hiyo ilichekwa huko kwao Rangwe kwa miaka. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Aliutazama mlango, akautazama tena, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kusikiliza.

Nyumba ile ilikuwa simba yake. Kijana wa Kijaluo akikomaa hujengewa simba ndani ya boma la baba yake, karibu na lango, awe na mahali pake. Tony alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa nayo, kwa sababu alimaliza shule akaenda Migori kunyoa watu, akapanga chumba nyuma ya duka lake, na kila Krismasi alisema atajenga mwaka kesho. Hilo halikumkosesha mtu usingizi. Lakini mtu mzima akifa bila nyumba kwao, jeneza lake halina pa kulala. Inabidi kibanda kisimamishwe haraka haraka, nguzo mbichi na mabati ya kuazima, waombolezaji wakitazama, na aibu hiyo haizikwi pamoja na mwenyewe. Ndiyo maana Mzee Oguta, kaka wa marehemu mume wa Rael, aliposikia neno kansa alinyamaza kwa siku kadhaa, halafu akaja na nguzo.

Rael alimwelewa, na hapo ndipo pa kuchosha. Mtu mbaya ungemfukuza ukapumzika. Oguta alikuwa mtu mwema aliyewahi mno, na mtu mwema aliyewahi humfukuzi, unampikia chai.

*

Oguta aliingia saa nne, kofia kichwani, mfuko wa bawaba begani.

"Nyar Kasipul," akamwita Rael, kwa jina la kwao alikotoka kuolewa, "mtoto amekula?"

"Mwulize mwenyewe, shemeji."

"Baba," Tony akasema, maana ndugu wa baba ni baba, "huu mlango."

"Ni mzuri. Unaingiza mwanga."

"Na nini kingine?"

"Hewa."

"Na nini kingine, baba?"

Oguta akavua kofia, akaikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. "Kitanda. Utaoa wewe. Wasichana wa siku hizi wanakuja na kabati kubwa, utasema wanahamisha ofisi ya chifu."

"Kabati linalobebwa na watu sita, wakiimba."

Kuku akapita katikati yao, akaingia simba kwa ule mlango usio na mlango, akatoka tena bila kuona cha maana.

"Sikiliza," Oguta akasema hatimaye. "Sikuombei mabaya. Mtu hufyeka majani kando ya nyumba si kwa sababu ameona nyoka."

"Umefyeka, ukachimba na shimo, ukamwita nyoka kwa jina."

"Tony," Rael akasema.

"Hapana, mama, niache. Nilifikiri mzee ananijengea nyumba. Juzi nilimwambia Maroa kule dukani kwa simu, ona, nimepata kansa ndiyo nikakumbukwa, hata simba naipata. Nilimwambia aje tuipake rangi." Akasimama, akayumba kidogo, akashika ukuta wa udongo uliokuwa bado mbichi. "Sasa mimi Jumatatu siendi."

"Huendi wapi?"

"Homa Bay. Ile dawa inanitapisha mpaka natapika chai niliyokunywa nikiwa darasa la kwanza. Vidole sivisikii. Nimevumilia mara tatu. Zimebaki tatu. Za nini? Nyumbani mmeshamaliza kazi. Mwambie fundi aongeze iwe futi sita, nisije nikawasumbua."

Akaingia chumba cha mama yake, ambako alilala tangu augue, akafunga mlango mwembamba.

Oguta akaketi kwenye lile gogo. Rael akamletea chai. Mkono ulitaka kuimwaga, lakini ukampa.

"Nilikuomba usimwambie," akasema.

"Sikumwambia. Fundi ndiye aliyemwambia."

"Na fundi aliambiwa na nani?"

"Ningemwambiaje fundi futi tano bila kumwambia za nini?" Oguta akanywa chai, akaiona haina sukari, akaendelea kuinywa hivyo hivyo.

*

Rael alikuwa na jambo moja tu lililomtegemeza usiku na mchana, nalo alipewa na muuguzi aitwaye Caren kule hospitalini. Siku ya kwanza, Rael akiwa ameshikilia mkoba kama mtu anayengoja kuporwa, Caren alivuta kiti chake mwenyewe akamkalisha, akasema naye akiwa amesimama. "Mama, kansa ziko nyingi. Hii ya Tony ni ya zile zinazosikia dawa. Nimeona waliopona, wanakuja kunisalimia. Lakini asikatize. Akikatiza katikati inarudi, na ikirudi inarudi na hasira." Kisha akampa maji.

Asikatize. Rael alilibeba neno hilo nyumbani kama yai. Na sasa ilikuwa Alhamisi, na yai lilikuwa mikononi mwa watu wengi mno.

Alijaribu kila njia aliyoijua. Alimpikia kuku, Tony akala paja na akasema haendi. Alinyamaza siku nzima, Tony akafurahia utulivu. Jumamosi, siku yao ya Sabato, mchungaji akaja nyumbani baada ya ibada, mtu mpole, akamwekea Tony mkono begani akaomba kwamba Bwana ampe pumziko jema na aiandae familia. Tony alifumbua jicho moja katikati ya sala akamtazama mama yake, na Rael akajua kuwa siku tatu za kubembeleza zimekwenda na maji.

Jioni ile alitoka mpaka nyuma ya choo, mahali ambapo simu ilishika mtandao, akampigia Maroa. Maroa alikuwa kijana wa Kikuria kutoka upande wa Isebania, aliyenyoa kwenye kiti cha pili katika duka la Tony na kulilinda tangu mwenzake augue. Tony alimsikiza Maroa hata pale alipomkataa mama yake.

"Mwanangu, rafiki yako amekataa kwenda kwa dawa."

"Amekataa vipi, mama?"

"Amekataa tu. Anasema tumeshamzika."

Nyuma yake mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma, na mtu akicheka. "Mama, usilie."

"Silii. Nimechoka."

"Basi usichoke. Kesho tunakuja na wasee wa stage, wale wa bodaboda. Kuna kitu tutamfanyia, ataona hayuko peke yake. Usimwambie."

"Kitu gani?"

"Ni surprise, mama."

Rael hakuuliza zaidi. Baadaye alijilaumu kwa hilo, kwa sababu mwaka huo hakuna jambo la ghafla lililokuwa limewahi kumletea heri.

*

Jumapili alikwenda sokoni na njugu zake. Hakuwa na moyo wa kuuza, lakini nyumbani Tony alikuwa amemeza vidonge vya kichefuchefu, ambavyo vilimlaza kama gunia, na kumwangalia mtu aliyelala siku nzima si kumsaidia.

Soko la Rangwe lilikuwa limemzoea na ugonjwa wake, maana ule wa Tony watu waliuhesabu kuwa wake. Wanawake walipomkaribia walishusha sauti. Mmoja alimwuliza, "Na yule kijana wako alikuwa akifanya kazi gani?" Rael akajibu, "Ni kinyozi," akilikaza lile neno "ni" kama mtu anayefunga mbuzi. Mwingine, mteja wa miaka mingi ambaye daima alionja kabla ya kununua, siku hizi aliuliza bei kwa mbali na hakuonja. Rael aliliona hilo. Na Nyarangi, mama wa Kikisii aliyeuza ndizi pembeni yake, aliliona pia, na kila mteja wa namna hiyo alipofika, alinyoosha mkono kwenye karai la Rael, akachota njugu, akazitafuna kwa kelele huku akimtazama yule mteja machoni. Hakuwahi kusema kwa nini. Alikula njugu nyingi mwaka huo, wala hakuzipenda.

Boma la Rael lilikuwa juu ya mlima mdogo, ng'ambo ya kijito, na ukisimama vizuri sokoni ungeuona ukingo wa paa. Ilikuwa karibu saa sita nduru ilipotoka huko.

Ilianza moja, nyembamba, ya mwanamke. Kisha ya pili ikaipokea. Kisha zikawa nyingi, na soko zima likageuka kutazama mlima. Kila mtu wa pale alijua nduru ya moto, nduru ya mwizi, na nduru hii.

"Ni kwa nani?" mtu akauliza.

Wote walikuwa wakimtazama Rael.

Hakupiga kelele. Alianza kufunika njugu, kwa uangalifu, akaikunja karatasi mara mbili, kana kwamba njugu zikifunikwa vizuri jambo lile litakuwa la mtu mwingine. Nyarangi akamwondolea karatasi mkononi. "Acha. Acha, mama. Mimi niko hapa." Akampungia kijana wa bodaboda, naye kijana akaja akiwa tayari amewasha pikipiki, akamngoja Rael apande, akampeleka mlimani bila kuingia shimo hata moja, na kule juu alipofika akazima injini akakataa kutaja nauli.

Njiani Rael hakuwaza kifo. Aliwaza kwamba asubuhi alimwacha bila kumfunika miguu.

*

Lango lilikuwa wazi na boma limejaa. Wanawake walikuwa na mikono vichwani. Mama Beverlyne, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, analia kwa kumtaja Tony, jinsi alivyomnyoa mjukuu wake bure, jinsi alivyokuwa na meno mazuri. Na Mzee Oguta, mtu ambaye hakulia alipomzika ndugu yake, alikuwa amejitupa mbele ya simba. Kofia haikuwepo. Alikuwa akiupiga ule ukuta wa udongo kwa ngumi, na udongo mbichi ukimrukia usoni. "Mimi ndiye niliyemwita," alikuwa akisema. "Nilipima mlango nikamwita. Mnilaumu mimi."

Kando ya lango walisimama vijana watano, wameduwaa, vichwa vimenyolewa upya.

Rael alipoviona vile vichwa, akashika nguzo ya lango. Watu wa nyumba hunyoa baada ya mazishi. Kunyoa ni mwisho, ni alama kwamba mtu ameshafunikwa. Na vichwa hivyo vilinyolewa kwa wembe, kama zamani, vimejaa mikwaruzo na vishungi vya nywele vilivyorukwa. Akawaza, kwa akili iliyokuwa imeshavurugika, kwamba amechelewa sana, kwamba wamekwisha kumzika na yeye alikuwa sokoni anauza njugu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Mama," Maroa akasema, mmoja wa wale watano, "hata sisi tunauliza. Tumefika tu hapa, huyu mama akaanza kulia. Kumbe amekufa lini?"

Mlango wa nyumba ya Rael ukafunguka.

Tony alitoka amejifunga blanketi, waya za kusikilizia muziki zikining'inia shingoni, upande mmoja wa uso umepigwa chapa na mkeka. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekatiziwa usingizi.

"Nani amekufa?"

Nduru zikakatika, isipokuwa moja ya bibi mmoja aliyekuwa na mgongo kwake. Mama Beverlyne akainua uso wenye machozi.

"Wewe," akasema, maana alikuwa mwanamke mkweli.

Tony akatazama uwanja. Akawatazama wanawake, akamtazama mzee wake aliyejaa udongo, akamtazama mama yake, akavitazama vile vichwa vitano. "Na mimi sikuitwa," akasema.

Oguta aliinuka. Alikwenda moja kwa moja, akamshika Tony mabega, akamgusa shingo, akamgusa kile kichwa kisicho na nywele, akambinya mkono kama anayenunua ng'ombe. "Ni mwenyewe," akawatangazia watu. Kisha akageuka kwa wale vijana, na hofu yote iliyokuwa ndani yake ikapata mahali pa kwenda.

"Nani amewaambia mnyoe?"

"Mzee, tulikuwa tunam-support," Maroa akasema.

"Nini?"

"Tunamuunga mkono. Dawa imemtoa nywele, na sisi tukatoa zetu, ili tufanane naye. Watu hufanya hivyo, tuliona kwa simu."

"Huko kwa simu hawakuonyesha mnavyoingia kwa boma la watu, Jumapili, vichwa vitano vimekwanguliwa, mmenuna?"

"Hatukununa. Tulichoka. Huu mlima ni mkali."

"Na mkaniambia mmekuja kusimama na familia," Mama Beverlyne akasema kutoka chini. "Kwa sauti ya chini. Mmevua kofia. Nikamwuliza huyu mrefu, ni Tony? Akasema ndiyo mama, ni kwa ajili ya Tony. Mimi ningefikiri nini? Siku tatu sijamwona mtoto, nilijua yuko Homa Bay."

"Hukuangalia ndani?" Rael akauliza.

"Mtu aliyekufia Homa Bay nimtafute ndani ya chumba chako?"

Rael alimtazama jirani yake, akawatazama wale wajinga watano, akamtazama shemeji yake. Alitaka kuwachapa wote kwa mwiko, kwa zamu, akianzia na mzee. Badala yake akamwendea Tony akamfunga blanketi vizuri, miguu ikafunikwa, na mikono ikakataa kuliachia lile blanketi kwa muda.

Tony ndiye aliyeanza. Kicheko kilimshika tumboni, akajikunja, akakohoa, akaketi kizingitini. Vijana wakamfuata, kisha wanawake mmoja mmoja, wengine wakicheka na kujifuta machozi yale yale. Oguta hakucheka.

"Baba," Tony akasema alipopata pumzi. "Ulilia?"

"Nililia."

"Sana?"

"Ulitaka nifanye nini, nipige makofi?" Oguta akaubandua udongo uliogandamana kwenye kidevu. "Nilisikia nduru, sikungoja kuuliza. Nilifikiri nimekuua kwa utepe wa kupimia."

Tony alimtazama mzee, na yule mzee akatazama pembeni, akaanza kutafuta kofia yake.

*

Waombolezaji hawaondoki kwa sababu tu marehemu amekosekana. Wamepanda mlima, wamelia, koo zimekauka. Rael ikambidi aweke sufuria kubwa motoni, akinung'unika kwamba hii ndiyo nyumba ya pekee katika Homa Bay yote inayolisha matanga na mgonjwa kwa mkupuo mmoja. Mama Beverlyne alitoweka akarudi na sukari na majani ya chai, akaviweka kando ya jiko bila kumtazama mtu. Baadaye Nyarangi akafika kutoka sokoni na karai la njugu kichwani na mkungu wa ndizi mgongoni, akapewa habari, akakaa chini akapumua. Kisha akagawa ndizi alizokuwa amezileta kwa ajili ya msiba.

Uwanjani, Tony alikuwa akiwazunguka rafiki zake, akivichunguza vichwa vyao kwa uso wa mtu aliyeokota mzoga wa paka.

"Nani amewanyoa hivi?"

"Tulinyoana," akasema Cliff, mmoja wa wale wa bodaboda. "Stima ilipotea, tukamalizia na wembe."

"Maroa, wewe ni kinyozi. Una kiti changu."

"Mimi niliwanyoa hawa. Mimi mwenyewe nilinyolewa na Cliff."

"Inaonekana. Hiki ni kichwa au shamba la viazi? Mmetoka Migori hadi hapa hivi? Mmepita mjini, watu wakijua mnatoka kwangu?" Akatikisa kichwa, ameudhika kweli kweli. "Mashine iko wapi?"

Maroa akafungua begi. Walikuwa wamemletea ile mashine yake ya betri, ile nzuri ambayo hawakuthubutu kuitumia, kwa wazo kwamba aione tu. Tony akavuta kiti. "Cliff. Kaa."

Rael alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hakuwa amemwona mwanawe akifanya kazi tangu ugonjwa uanze. Tony alimzunguka Cliff, akamshika kidevu, akamwinamisha, na mashine ikaanza kunguruma. Vidole havikumtii vizuri. Mara moja mashine ilimponyoka ikaanguka vumbini. Maroa akaiokota, akaipuliza, akairudisha mkononi mwa Tony bila neno na bila kumtazama, kama vile ndivyo kazi inavyofanywa siku zote. Hakuna aliyejitolea kumsaidia. Rael aliliona hilo, akawasamehe nusu ya dhambi zao.

Alimaliza cha Cliff, akamaliza cha pili. Cha tatu alikifanya amekaa. Cha nne alipumzika mara mbili, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na upepo. Mama Beverlyne na wenzake walitazama wakinywa chai, wakitoa maoni yao juu ya umbo la kila kichwa.

Mwisho akaketi Maroa. Tony alianzia kulia, akapanda, akavuka utosi, akafika katikati. Hapo akasimama. Akazima mashine.

"Nimechoka," akasema.

"Lete nimalizie," Cliff akasema.

"Usiiguse."

"Nusu ndiyo imebaki, Tony. Hata mimi naweza."

"Tumeona unachoweza. Weka mkono chini." Akaizungushia mashine waya wake wa chaji, akaifunga kwenye kitambaa chake. "Huyu ni wangu. Nitammalizia nikirudi kutoka Homa Bay."

Oguta, aliyekuwa ameipata kofia na kuketi mbali, akainua kichwa. "Jumatatu ni kesho," akasema kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga yai.

"Najua Jumatatu ni lini, baba."

"Na mimi?" Maroa akajigusa kichwa, upande mmoja ukiwa laini kama gilasi, mwingine ukiwa umejaa vishungi. "Nitembee hivi hivi Migori?"

"Utatembea hivi hivi."

"Wateja wataniuliza."

"Waambie kinyozi hajamaliza."

Rael alimjua mwanawe: ukimshukuru kwa jambo, analibadilisha. Akaingia jikoni, akaongeza kuni, akaweka kando maji ya Tony ya kuoga asubuhi, kisha akapaza sauti kwamba anayetaka chai ya pili alete kikombe chake mwenyewe, yeye leo ameshawahudumia watu waliokuja kumzika mtu aliye hai na hajisikii kumhudumia mwingine.